Vifaranga wanakufa usiku: mara nyingi si sumu wala tauni, ni baridi

Mtu ananunua vifaranga 50 wa siku moja, anawaingiza ndani ya karatoni, anatundika ampule juu, anaenda kulala. Asubuhi anakuta kwenye kona rundo la vifaranga, na wale wa chini wamekufa. Majirani wanasema ni ugonjwa. Wengine wanataja jina la mtu. Lakini mara nyingi ni baridi: walikuwa wanatafuta joto, wakapandana, wa chini wakakosa pumzi.

Kifaranga wa siku za kwanza hana manyoya ya kweli. Mwili wa kuku mkubwa uko na joto ya karibu digrii 41, lakini mtoto wake bado hajui kuilinda joto yake mwenyewe. Ndiyo maana mama anamfunika na mabawa. Ukimnunua bila mama, wewe njo mama.

Katika juma la kwanza kifaranga anahitaji digrii 32 mpaka 35, zikipimwa pale chini anaposimama, si juu kwenye ukuta. Kisha unapunguza kama digrii 3 kila juma, mpaka ufike 21 hivi. Lakini kazi ya kufika pale si moja kwa wote. Mwenzako wa Uvira au wa Kalemie akikuambia ampule moja ilimtosha, usimwige kama uko Lubero au Minembwe, kule ambako usiku hata mtu mzima anatafuta blanketi mbili.

Kosa linalorudi kila mara ni kutaka nyumba yote iwe na joto sawa. Afadhali weka joto upande mmoja tu, na upande mwingine ubaki na ubaridi kidogo, pamoja na maji na chakula. Vifaranga watachagua wenyewe. Halafu waangalie. Wakijibana pamoja chini ya ampule na kulia kwa sauti kali, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni, midomo wazi na mabawa yameanguka, joto imezidi. Wakitawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala kimyakimya, basi ni sawa. Kama huna termometre, kamata mmoja umguse miguu na shavu lako: miguu ikiwa baridi, ongeza joto. Na usiache kona: zungusha karatoni iwe kama duara, ili wasipate mahali pa kurundikana.

Sasa, hiyo joto itoke wapi? Ampule za zamani, zile zenye waya unaowaka ndani, zinatoa joto. Zile za LED zinatoa mwangaza, karibu hakuna joto. Wengi wamedanganyika hapo: chumba kinang'aa, vifaranga wanatetemeka.

Umeme ukikatika, watu wanakimbilia babula ya makala. Inasaidia, lakini iko na hatari. Makala inayowaka ndani ya chumba kilichofungwa inatoa gesi isiyo na harufu, inayoua vifaranga na inayoua watu vilevile. Watu wa Goma wanajua mazuku. Hii ni gesi nyingine, lakini nayo haipigi hodi. Washa babula inje mpaka moshi uishe, uifunike na chungu chenye matundu, na uache nafasi wazi juu ya ukuta ili hewa ipite. Hata kama moshi umeisha, gesi bado inatoka, kwa hiyo nafasi ile isizibwe. Na wewe wala mtoto wako asilale katika chumba hicho, hata usiku mmoja.

Kwa vifaranga wachache kuna njia ya bei ndogo: bidoni ya lita 5 yenye maji ya moto, imefungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa, unailaza katikati yao. Inapoa, kwa hiyo utaamka usiku kuibadilisha.

Sehemu yao ipashwe masaa kadhaa mbele hawajafika, maranda ya mbao chini yakiwa yamekauka na kupata joto. Maranda ikilowa inawapoza kutoka chini, na harufu yake inachoma macho yao. Manyoya ya kweli yakishaota, kwenye juma la tano hivi, ondoa joto ya mchana kwanza. Ile ya usiku iache siku chache zaidi, sana sana wakati wa mvua.