Sonona na Sababu za Tiba Zake Kutofautiana

Huzuni ni hali ya kawaida ya binadamu: aliyefiwa hulia, na siku zipitapo moyo hupoa. Sonona ni maradhi. Hutambulikana pale ambapo huzuni, au kukosa hamu ya mambo yote, hudumu kwa majuma yasiyopungua mawili, pamoja na dalili kama kukosa usingizi, kuishiwa nguvu, kujilaumu na hata kutamani kufa.

Maradhi haya yana aina kadhaa. Ipo sonona kali ijayo kwa vipindi. Ipo iliyo hafifu lakini hudumu miaka miwili au zaidi. Ipo impatayo mama baada ya kujifungua. Na ipo ile inayopishana na vipindi vya uchangamfu uliopita kiasi. Mgonjwa wa aina hii ya mwisho akipewa dawa ya sonona peke yake, huenda uchangamfu huo ukamlipuka. Yeye huhitaji dawa za kutuliza mabadiliko hayo, mathalani lithiamu, ambayo John Cade wa Australia aliandika habari za manufaa yake mwaka 1949.

Wachukuliwe watu wawili wa Jadida, Wete, kisiwani Pemba, wote wachovu na wasio na hamu ya kazi. Mmoja huenda ana safura. Utafiti uliofanywa Pemba katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba minyoo ya safura ni chanzo kikubwa cha upungufu wa damu kwa watoto wa shule. Huyo hutibiwa kwa dawa ya minyoo na madini ya chuma. Mwenziwe huenda ana sonona hasa. Ndiyo maana daktari mwangalifu hupima damu pia.

Hata wenye sonona ya aina moja hawapati nafuu sawasawa. Dawa kama amitriptilini huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya ini, na kasi ya vimeng'enya hivyo hurithiwa. Avunjaye dawa upesi hubakiwa na kiasi kidogo mno. Avunjaye polepole huilimbikiza mwilini, akapata madhara kwa kipimo kile kile. Aidha, nafuu huchukua majuma kadhaa, na wengi huacha dawa mapema wakidhani haifai.

Wala si kila tiba ni kidonge. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2003, wanavijiji wa Masaka na Rakai, Uganda, walikutana kwa vikundi kila juma, kwa majuma 16, wakizungumzia misiba na magomvi yaliyowasibu. Dalili zao zilipungua kuliko za wale ambao hawakupata tiba hiyo.

Mwanafunzi aliyebadilika ghafla, akajitenga na kuacha masomo, asiitwe mvivu kabla ya kuchunguzwa hospitalini. Na asemaye kwamba anatamani kufa asiachwe peke yake.