Pambano la Inoki na Idi Amin lilivyoota mbawa

UBISHI wa Simba na Yanga ukipoa barazani hapa Vitongoji, Pemba, unahamia kwenye mieleka ya Japani. Huyu anamtaja Rikidozan na mapigo yake ya karate, yule Giant Baba, jitu la zaidi ya mita mbili. Wengi wako kwa Antonio Inoki.

“Mie Inoki tu. Akikukaba ule mkabo wa pweza, huchomoki,” anasema mvuvi mmoja, na pweza anawajua. Inoki alikuwa akimzonga mpinzani kwa mikono na miguu, anamkunja mpaka asalimu amri. Silaha yake nyingine ilikuwa teke la kisogoni.

Watani wanamrudisha Tokyo, Juni 26, 1976, alipovaana na Muhammad Ali. Raundi 15, muda mwingi Inoki kalala chali, anamtandika Ali mateke ya miguu. Matokeo? Sare.

Ila kisa kinachotugusa ni cha 1979. Ulitangazwa mpango wa Inoki kupigana na Idi Amin, bingwa wa zamani wa ngumi Uganda, jijini Kampala mwezi Juni, Ali akiwa mwamuzi.

Juni haikufika. Vita vya Kagera vilikuwa vimepamba moto, na Aprili 11 Kampala ikaanguka mbele ya wanajeshi wa Tanzania na wapiganaji wa Uganda. Amin akatimka.

Inoki alifariki Oktoba 1, 2022, bila pambano hilo kwenye rekodi yake.

“Amin alipigwa,” mzee mmoja anafunga ubishi, “ila aliyempiga si Inoki. Ni sie.”