Uwanja wa Nyasi Ugeuzwe Bustani ya Mboga

Apitaye katika mitaa ya Nakuru yenye nyumba za zamani ataona mbele ya nyumba nyingi uwanja wa nyasi zilizokatwa vizuri. Desturi hiyo ililetwa na Wazungu waliokuja kukaa huku baada ya reli kufika Nakuru mwaka 1900, na wenyeji wengi wakaipenda, kwa kuwa uwanja safi ni heshima ya nyumba. Lakini nyasi hutaka kukatwa, na wakati wa kiangazi hutaka maji, wala hazileti kitu mezani. Na huku mwenye uwanja huo huo humtuma mtoto kila jioni akanunue sukuma wiki.

Zamani aliyekosa mboga mjini aliweza kuzipata katika shamba la jamaa yake lililo karibu. Siku hizi mashamba mengi yaliyouzunguka mji yamekatwa vipande vya kujengea, na Nakuru yenyewe ilipewa cheo cha jiji tarehe 1 Desemba 2021. Kiwanja cha futi 50 kwa futi 100, ukiondoa nyumba na njia, hubakiza kipande kidogo tu. Kwa jamaa wengi kipande hicho ndicho shamba lote walilo nalo. Kwa hiyo yafaa kufikiri kama ni vema kipande hicho kiwe cha kutazamwa tu.

Jambo hili si geni duniani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, watu wa Uingereza walihimizwa tangu mwaka 1939 kulima viwanja vyao vya maua na nyasi, hata handaki la ngome kuu ya London likapandwa mboga. Katika Kenya, Wizara ya Kilimo ilianzisha mwaka 2020, siku za ugonjwa wa Korona, mpango wa kutengeneza bustani milioni moja za nyumbani.

ADUI WA KWANZA NI NYASI ZENYEWE

Watu wengi walioshindwa na kazi hii walishindwa mwanzoni. Walilima uwanja kwa haraka, wakapanda mboga, na baada ya miezi miwili nyasi zilikuwa zimerudi na kusonga kila mche. Sababu yake ni hii. Nyasi zinazopandwa sana hapa ni nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, na sasa zimeenea mpaka Australia na Marekani. Nyasi hizi hutambaa juu ya ardhi na chini ya ardhi pia, na kila kipande chenye kifundo huweza kuota mizizi. Basi mtu azikatakataye kwa jembe na kuzichanganya na udongo hajaziua, bali amezipanda upya.

Njia iliyo bora ni kutumia jembe la meno. Kwanza nyasi zifyekwe fupi, na majani yapewe ng'ombe, mbuzi au sungura. Kisha udongo uinuliwe polepole, na kamba za nyasi zivutwe zikiwa nzima hata chini, kiasi cha futi moja. Zisitupwe katika shimo la mboji zikiwa bado hai. Zianikwe juu ya mawe au mabati mpaka zikauke kabisa na kuvunjika mkononi. Kwa sababu hii miezi ya Januari na Februari ndiyo ifaayo kwa kazi hii, maana jua ni kali na litamsaidia mkulima, naye atakuwa tayari kabla ya mvua za masika.

Baada ya hayo, uchimbwe mfereji mwembamba wenye kina cha futi moja kati ya bustani na nyasi zilizobaki. Mfereji huo ukaguliwe kila juma, na kamba yo yote inayouvuka ikatwe mara moja. Anayeacha kazi hii kwa msimu mmoja atarudi kuanza upya.

KUTENGENEZA MATUTA

Tuta liwe na upana wa futi 4, ili mtu aweze kufika katikati kwa mkono kutoka kila upande bila kulikanyaga, kwani udongo uliokanyagwa hushikamana na mizizi hushindwa kupenya. Urefu wa futi 12 unatosha. Kati ya tuta na tuta iachwe njia ya futi moja na nusu. Udongo mzuri wa juu katika njia hiyo uchotwe na kutiwa juu ya tuta, ndipo tuta litainuka bila kununua udongo mahali pengine. Uongezwe samadi iliyooza vizuri, madebe manne mpaka sita kwa kila tuta. Samadi iliyo tayari haina joto wala harufu kali. Iliyo mbichi huunguza miche.

Kingo zaweza kuzuiwa kwa mawe, au kwa mabanzi yanayopatikana kwa wapasua mbao. Lakini nguzo kuukuu za simu na mbao zilizopakwa dawa nyeusi ya kuzuia mchwa hazifai, kwa maana dawa hiyo ni sumu.

Je, tuta liinuliwe kiasi gani? Hapa yafaa kuangalia mahali. Udongo wa Nakuru kwa sehemu kubwa umetokana na majivu ya volkano. Ni mwepesi, na maji hupita upesi. Tuta lililoinuliwa sana katika udongo huo hukauka kwa siku moja, kwa hiyo inchi 6 zinatosha. Katika Molo, ambako ardhi iko juu ya futi 8,000 na kuna baridi na mvua nyingi, au mahali po pote panapotuama maji, tuta laweza kuinuliwa futi moja. Kinyume chake, upande wa Gilgil na Naivasha, ambako mvua ni haba, huenda ikafaa zaidi kulichimba tuta liwe chini kidogo ya njia, ili maji yabaki ndani. Asifuate mtu picha aliyoiona pengine bila kuujaribu udongo wake mwenyewe.

MAJI

Tuta moja la ukubwa uliotajwa hutaka kiasi cha debe moja la maji kwa siku wakati wa kiangazi. Maji ya mvua ndiyo bora. Paa la mabati lenye futi 20 kwa 25 laweza kutoa zaidi ya lita 1,000 kwa mvua ya inchi moja tu, kama lina mifereji na tangi. Maji ya visima virefu katika Bonde la Ufa mara nyingi huwa na magadi, na yakimwagwa siku zote huharibu udongo. Tena, udongo usiachwe wazi: ufunikwe kwa majani makavu, ili jua lisiunyonye.

KUPANDA NA KUVUNA

Sukuma wiki ipandwe kwa nafasi ya futi moja na nusu. Tuta moja litachukua mistari mitatu yenye miche minane minane, yaani miche 24. Majani ya kwanza huchumwa baada ya majuma sita mpaka manane. Yachumwe ya chini, na yale madogo ya juu yaachwe, ndipo mmea utaendelea kuzaa kwa miezi mingi. Tuta la pili lipandwe managu na terere, la tatu vitunguu na karoti, la nne maharagwe. Msimu ufuatao kila zao lihamishiwe tuta jingine, kwa sababu magonjwa ya sukuma wiki na kabichi hukaa udongoni yakingoja mmea wa jamaa ile ile. Wadudu wadogo wanaojikusanya chini ya majani waoshwe kwa maji yenye sabuni kidogo mara tu waonekanapo.

Mpangaji asianze kuchimba kabla ya kupata ruhusa ya mwenye nyumba, ili jasho lake lisipotee bure. Wala si lazima uwanja wote ulimwe kwa siku moja. Watoto huhitaji mahali pa kuchezea, na mtu mmoja hawezi kupigana na nyasi za uwanja mzima. Atengeneze tuta moja mwaka huu, alitunze vema, na mwaka ujao aongeze la pili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Naye ainamaye juu ya tuta lake kila asubuhi kwa nusu saa hatamtuma mtoto dukani jioni.