Je, Wajua? Nyutro haiokoi mafuta mlimani

Madereva wengi wakianza kuteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo hutia gia nyutro, wakiamini gari linashuka bure. Si kweli. Injini iliyo nyutro lazima iendelee kunywa mafuta ili isizime. Ukiiacha kwenye gia na kuondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha, na katika magari ya injeksheni kompyuta hufunga nozeli kabisa. Haliingii hata tone mpaka ukanyage tena, au kasi ya injini ipungue na kukaribia mzunguko wa sailensa, yaani ule wa gari lililosimama likinguruma. Gari lenye kipimo cha matumizi ya papo hapo litakuonyesha sifuri. (Wenye kabureta za zamani tuwasamehe, kwao mafuta hayakatiki hivyo.)

Kupanda ndiko kunakokula. Kuinua gari la kilo 1,500 kwa mita 1,000, ambazo ndizo takriban tofauti ya Mombo na Lushoto, hugharimu karibu lita 2 za petroli, maana ni robo hivi tu ya nishati yake inayofika magurudumuni. Nyingine huishia kuwa joto. Hapo ujanja ni mdogo: shusha mizigo usiyoihitaji, pima upepo wa matairi asubuhi yakiwa baridi, usikimbilie kona ambayo utalazimika kuifungia breki.

Na kwenye kona za Soni, katika mteremko huo huo wa kwenda Mombo, nyutro huziachia breki kazi yote. Zikipata moto sana hazishiki. Shuka na gia ya pili au ya tatu. Mwenye otomatiki, toa D, weka 2 au L.