Kamera za CCTV: Aina zake na jinsi ya kuzilinda picha

KATIKA miji ya kaunti za Migori na Homa Bay, kuanzia Isebania mpakani mwa Kenya na Tanzania hadi Mbita kando ya Ziwa Victoria, kamera za CCTV si kitu kigeni tena. Huonekana katika vituo vya mafuta, maduka ya M-Pesa, hoteli na hata kwenye malango ya nyumba za watu binafsi.

Hata hivyo, wanunuzi wengi huangalia bei na idadi ya kamera pekee, ilhali kila aina ina kazi yake. Wizi unapotokea, mwenye duka hubaki na picha ya kofia na bega la mwizi, au akakosa picha kabisa.

Aina kuu tatu

Kamera yenye umbo la kuba hufungwa darini. Kifuniko chake cha duara humfanya mtu asijue kwa urahisi imeelekezwa wapi, na si rahisi kuigeuza kwa mkono. Hufaa juu ya kaunta ya duka, katika duka la dawa au kwenye ukumbi wa hoteli.

Ya pili ni ile ndefu kama tochi, inayojulikana kama kamera ya risasi. Hufungwa nje, na ina kofia ya kuikinga dhidi ya mvua na jua. Kuonekana kwake tu humtia hofu mwenye nia mbaya. Udhaifu wake ni kwamba inaweza kusukumwa kwa fimbo ikatazama kando, hivyo hufungwa juu kidogo. Ikipandishwa mno, hunasa vichwa badala ya nyuso.

Ya tatu huzunguka, huinama na kuvuta karibu picha za mbali. Hufaa yadi kubwa, bohari au kituo cha mafuta. Ni ghali kuliko hizo nyingine, na inapotazama upande mmoja, upande wa pili hauonekani.

Usiku na hali ya ziwani

Kamera nyingi hutumia miale isiyoonekana kwa macho ili kunasa picha gizani. Picha hizo huwa nyeusi na nyeupe, hivyo rangi ya shati au ya pikipiki haijulikani. Nyingine huwa na taa nyeupe inayodumisha rangi usiku.

Karibu na ziwa, taa hiyo huvutia makundi ya wadudu. Buibui nao hutanda utando mbele ya kioo, na unapopeperushwa na upepo, kamera hudhani kuna mtu anayepita. Kupangusa kioo mara kwa mara ni sehemu ya ulinzi.

Waya, intaneti na laini ya simu

Kamera za kawaida hupeleka picha kwa waya hadi kwenye mashine ya kunasa iitwayo DVR. Kamera za IP hutumia waya wa mtandao, ambao unaweza kubeba picha na umeme kwa pamoja hadi kwenye mashine ya NVR.

Za Wi-Fi ni rahisi kufunga nyumbani, lakini hutegemea nguvu ya mawimbi. Palipo mbali na nguzo za umeme, kama vile shambani au kwenye machimbo ya dhahabu, kuna kamera zinazotumia sola na laini ya simu. Hizi hula bando.

Eneo la Ziwa Victoria lina radi nyingi. Waya mrefu unaopita nje unaweza kuleta mshtuko wa umeme na kuharibu mfumo wote. Kifaa cha kuzuia mshtuko na betri ya akiba ni vya lazima.

Hesabu kabla ya kununua

Kamera ya megapikseli 2 hutoa picha yenye upana wa pikseli 1,920. Kipimo kinachotumiwa kimataifa cha kumtambua mtu asiyejulikana ni pikseli 250 kwa kila mita. Kwa hivyo, eneo linalotazamwa lisizidi upana wa mita 7.7. Kamera hiyo ikielekezwa kwenye uwanja wa mita 20, itaonyesha kwamba mtu alipita, si kwamba alikuwa nani.

Vivyo hivyo kwa diski. Kamera inayonasa megabiti 2 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne hujaza diski ya terabaiti 1 kwa siku 11 hivi, kisha picha za zamani hufutwa.

Mashine ya kunasa ndiyo kumbukumbu

Kamera ni jicho tu. Kumbukumbu imo ndani ya mashine, na anayeifikia mashine huweza kuifuta.

Hilo lilidhihirika Juni 2025 baada ya kifo cha mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang. Alikamatwa nyumbani kwao katika Kaunti ya Homa Bay na kusafirishwa hadi Nairobi, ambako alifariki akiwa mikononi mwa polisi katika Kituo cha Central. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi (IPOA) iliiambia Seneti kwamba mfumo wa CCTV kituoni humo ulikuwa umevurugwa.

Mashine ya dukani nayo isiwekwe chini ya kaunta. Ifungiwe katika chumba kingine, nywila ya kiwandani ibadilishwe, na nakala ya picha muhimu ihifadhiwe kwingineko.

Sheria yasemaje

Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi hudai cheti kutoka kwa msimamizi wa kifaa, kinachoeleza jinsi picha zilivyonaswa. Saa ya mashine isiyo sahihi yaweza kuzua shaka kortini.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haibani matumizi ya nyumbani tu. Biashara yenye wafanyakazi chini ya 10 na mapato yasiyofika Sh5 milioni kwa mwaka husamehewa usajili kwa Kamishna wa Data, lakini msamaha huo hauwahusu wanaotumia kamera za usalama. Wateja nao wafahamishwe kwa bango kwamba wananaswa.

Kabla ya fundi kulipwa salio lake, mwenye duka amwombe mtu asimame mlangoni usiku, kisha aitafute picha yake kwenye mashine. Asipomtambua rafiki yake, hatamtambua mwizi.