Usimamizi wa Mitihani ya Mbali na Tatizo la Udanganyifu

Mtihani wa mbali ni ule ambao mtahiniwa huufanya nyumbani kwa tarakilishi, pasipo msimamizi chumbani. Njia hii ilienea sana mwaka 2020, vyuo vikuu vilipofungwa kwa sababu ya janga la Korona. Suala lililozuka ni hili: udanganyifu utazuiwaje hali jicho la msimamizi halipo?

Jibu la kwanza lilikuwa kulitia jicho hilo katika mashine. Kabla ya mtihani, mtahiniwa huonyesha kitambulisho, kisha huizungusha kamera chumba kizima. Programu maalumu huzuia kurasa nyingine zisifunguliwe, hurekodi sauti, na hutia alama kila anapogeuza uso. Hata hivyo, alama hiyo si ushahidi wa hatia. Anayetazama dari huenda anafikiri tu. Na aliyeficha simu mahali kamera isipofika hatiwi alama yoyote.

Isitoshe, njia hii imezua kesi. Mwaka 2021 mamlaka ya Italia inayolinda taarifa za watu ilikitoza Chuo Kikuu cha Bocconi faini ya euro 200,000 kwa jinsi kilivyotumia programu ya aina hii. Mwaka 2022 mahakama ya shirikisho huko Ohio, Marekani, iliamua kwamba Chuo Kikuu cha Cleveland State kilikiuka haki ya kikatiba ya mwanafunzi kwa kukipekua chumba chake kwa kamera kabla ya mtihani wa kemia. Nchini Kenya nako, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za kibayometriki katika fungu la taarifa nyeti.

Kinga iliyo imara zaidi imo katika namna ya kutahini. Chukua mfano wa somo la sarufi. Swali lisemalo "Taja kazi za kiambishi -ka-" hujibika kwa kunakili kitabu. Lakini mtahiniwa akipewa kisa kipya, akaulizwa kwa nini msimulizi ametumia "akaondoka" katika sentensi moja na "aliondoka" katika nyingine, kitabu pekee hakimtoshi. Hata hivyo, tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, swali kama hilo nalo laweza kujibiwa na mashine. Kwa hiyo hapana budi maandishi yafuatwe na mahojiano mafupi ya mdomo: "Ukiweka -li- mahali pa -ka- hapa, mfuatano wa matukio utageukaje?" Aliyeandika mwenyewe ataeleza; aliyeandikiwa aghalabu atababaika.

Ni kweli kwamba darasa la watu mia tatu halihojiwi kwa siku moja. Hapo yafaa wachache wachaguliwe kwa kura, na kila mtahiniwa ajulishwe mapema kwamba huenda akaitwa. Kamera yaweza kubaki kwa ajili ya kumtambua mtahiniwa, bali uamuzi juu ya uaminifu wake, ambao waweza kumnyima shahada, usiachiwe mashine.