Je, Wajua? Utamu wa Kariakoo na Kivukoni

Je, wajua kwamba halua haitiwi yai hata moja? Kinachoishikanisha ni wanga. Huvurugwa kwa maji, ukachanganywa na sukari, ukabandikwa jikoni, na mpishi hukoroga kwa mwiko mrefu bila kupumzika; akizubaa kidogo, inashika chini. Samli huongezwa kidogo kidogo mpaka halua ing'ae na ianze kuachana na sufuria. Hapo ndipo huingia iliki, zafarani na lozi. Sukari huyafunga maji, ndiyo maana halua hukaa wiki kadhaa nje ya friji bila kuharibika.

Je, wajua kwamba gramu moja ya zafarani huhitaji takribani maua 150? Kila ua lina nyuzi tatu tu, na huchumwa kwa mkono. Anayeuza halua yenye zafarani ya kweli msimlalamikie bei.

Je, wajua kwamba ndugu wa kaimati walishaandikwa katika vitabu vya mapishi vya Baghdad karne ya 13? Kwetu zimeongezewa tui la nazi. Kazi yenyewe iko kwenye shira: chota tone, libane kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha achanisha. Likivutika uzi, tumbukiza kaimati. Shira ikiwa nyepesi zitalowa na kulegea, na hakuna wa kuziokoa.

Je, wajua kwa nini kahawa ya birika la makaa haitiwi sukari? Utamu umo kwenye kashata. Tafuna ya nazi au ya karanga, ndipo unywe.

Je, wajua kwamba kastadi ya kopo, ile ya futari, ilibuniwa Birmingham mwaka 1837? Mke wa mkemia Alfred Bird alikuwa akidhurika na mayai, ndipo Bird akatumia wanga wa mahindi. Waitaliano krimu yao ya keki huipika kwa viini vya mayai. Lakini Sicily, kisiwa kilichowahi kutawaliwa na Waarabu kuanzia karne ya 9, wana kitindamlo kisichotiwa yai kinachoitwa gelo di mellone: juisi ya tikiti maji, sukari na wanga, ikanukishwa kwa asumini. Tikiti, wanga na asumini vyote vinapatikana Dar. Nakiona kikifaa sana kwenye futari zetu, kikipoa vizuri kwenye bakuli.